Hiyo "mbolea ya ubongo" hukilisha na kifafa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita ulikuwa na makala kuhusu protini iitwayo BDNF, ambayo mwandishi aliipa jina la "mbolea ya ubongo". Alieleza vizuri tu: protini hii huzisaidia seli za neva zisife, huzifanya zichipushe matawi na kuungana na jirani zake, na ikipungua mtu hupata shida kujifunza na kukumbuka. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko kwenye aya ya mwisho, alipoandika kwamba wenye kifafa nao, kwa kuwa ubongo wao "umechoka", watafaidika na unga na vidonge vya kuongeza mbolea hiyo. Nimeshauona ukurasa wenu umebandikwa kwenye mlango wa duka moja hapa Ifakara, na chini yake yamepangwa makopo. Kopo moja linauzwa kwa bei inayozidi dawa ya kifafa, fenobabitoni, ya miezi kadhaa.

Mimi ni afisa tabibu mstaafu. Nimezaliwa Mahenge, nikafanya kazi zahanati na vituo vya afya vya bonde la Kilombero, na karibu kila nilipohamishiwa nilikabidhiwa kliniki ya kifafa kwa kuwa wenzangu hawakuigombea. Kwetu Mahenge kifafa si habari ya kusoma gazetini. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe, alifika huko miaka ya mwanzoni mwa 1960, akakuta wagonjwa wengi mno kwa eneo dogo, wengi wao wakiwa na makovu ya moto kwa sababu wameangukia mafiga, akaanzisha kliniki yao. Ndiye pia aliyeandika mapema kuhusu watoto wanaotikisa kichwa bila hiari, tatizo ambalo sasa linachunguzwa Uganda na Sudan Kusini pamoja na huko kwetu. Nimekua nikiwaona watu hao. Baadhi yao ni ndugu zangu.

Mkulima yeyote wa mpunga atawaambia kwamba mbolea haichagui mche. Ukiimwaga kwenye jaruba lililoingiwa na magugu, magugu hunenepa kabla ya mpunga. Mfano huu mmeuleta wenyewe, mimi nimeumalizia tu. Sasa tuuache, tuingie kwenye ubongo.

Kila aliyewahi kukaa kwenye kliniki ya kifafa amekutana na mtoto kama huyu nitakayemtaja bila jina. Aliletwa akiwa na miaka miwili, malaria imepanda kichwani, degedege haliachi. Tukampa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, tukamtundikia dripu ya kwinini, tukampima sukari, tukasubiri. Fahamu zikarudi, akaomba uji. Bibi yake akatuletea jogoo. Miaka ikapita, mtoto anacheza, anachunga mbuzi, kaanza shule. Asubuhi moja akiwa kwenye mstari wa wanafunzi akakodoa macho, akawa anatafunatafuna midomo, akiitwa haitiki. Mwalimu akamchapa kwa kiburi. Baadaye ndipo alipoanza kuanguka kabisa, na bibi akanirudia na swali moja: "Mwanangu daktari, huu ugonjwa ulikuwa umejificha wapi miaka yote hiyo?"

Wakati ule nilimjibu kwamba malaria iliacha kovu. Jibu hilo ni sahihi, ila halifiki mwisho, kwa maana kovu lilikuwapo tangu siku ya kwanza na mtoto hakuwa anaanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Blantyre, Malawi, uliwafuatilia watoto 132 walionusurika malaria ya kichwani pamoja na wenzao 264 waliokuwa wagonjwa bila kupoteza fahamu. Kati ya wale 132, watoto 12 walipata kifafa baadaye. Kati ya wale 264 hakupata hata mmoja. Kinachonishughulisha ni hilo neno "baadaye". Kati ya ajali ya ubongo na anguko la kwanza kuna kipindi cha ukimya, cha miezi au miaka. Mtoto anaonekana mzima, kadi yake imefungwa, na ndani ya kichwa kuna kazi inaendelea. Ni kwenye kazi hiyo ndiko BDNF inakokutwa na mikono yenye udongo.

Nina mpwa anayesomea udaktari, na ndiye anayenipatia maandishi ya kitafiti tangu nistaafu. Nilipompelekea makala yenu alinijibu kwa ujumbe mmoja tu: "Mjomba, hawa wamesoma nusu." Nusu ya pili ndiyo hii.

Vichochezi vya ukuaji wa neva vilianza kujulikana kwa mwanamke mmoja wa Turin, Italia, Rita Levi-Montalcini. Alikuwa Myahudi, na sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfungia mlango wa chuo kikuu, akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara na kuchunguza mayai ya kuku yaliyokwisha kuanza kufanya kifaranga. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, na huko katika miaka ya 1950 yeye na Stanley Cohen wakakipata kichochezi cha kwanza, NGF. Walipewa Nobeli mwaka 1986. BDNF yenyewe ilichujwa mwaka 1982 huko Ujerumani na Yves-Alain Barde, David Edgar na Hans Thoenen kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Walitumia kilo moja na nusu ya ubongo wakapata mikrogramu moja, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Wasomaji waishike tarakimu hiyo wanapoambiwa habari za kijiko cha unga asubuhi na jioni. Hata kama kopo lingekuwa na BDNF halisi, protini ikimezwa humeng'enywa tumboni ikawa chakula, haipandi kichwani.

Sasa kifafa. Mwaka 1967 mtafiti Graham Goddard, akiwa Kanada, alieleza jambo alilolikuta kwa panya. Aliwapitishia umeme kidogo sana ndani ya ubongo, mara moja kwa siku. Siku za kwanza panya hakuonyesha chochote. Siku zilivyoongezeka, umeme uleule, bila kuzidishwa, ukaanza kumtikisa kidogo, kisha ukamwangusha kabisa kwa degedege kamili. Ukimwacha apumzike kwa wiki nyingi, halafu ukamrudishia umeme uleule mdogo, anaanguka. Ubongo umejifunza kuanguka, na haukusahau.

Watafiti wakajiuliza: kama ubongo unajifunza kuanguka, si utakuwa unatumia vifaa vilevile unavyojifunzia mambo mengine? Mwaka 1989 Christine Gall na Paul Isackson, California, walionyesha kwamba degedege lenyewe huziamsha seli za ubongo wa panya zizalishe zaidi ujumbe wa kutengenezea NGF. Baada ya hapo wengine wakaona kwamba BDNF nayo hupanda, tena kwa nguvu, hasa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyo ndani ya upande wa sikio ambako kumbukumbu hutengenezwa na ambako aina moja ya kifafa cha watu wazima hupenda kuanzia. Yule mtoto wa kukodoa macho na kutafuna midomo, kifafa chake kina dalili za upande huo. Hata kwenye vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa ambao dawa zimewashinda, BDNF imekutwa juu kuliko kawaida.

Mtu mwenye akili atasema: labda inapanda ili kuponya. Nami nilidhani hivyo, ni dhana ya kawaida kabisa. Njia ya kuamua ni kuiondoa uone kinachotokea. Mwaka 1995, Lund nchini Uswidi, walitumia panya waliozaliwa na nakala moja tu ya jeni ya BDNF badala ya mbili, wakawafanyia zoezi la Goddard. Panya hao walichelewa sana kujifunza kuanguka. Mwaka 2004 maabara ya James McNamara katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ikaenda mbele zaidi. BDNF ili ifanye kazi lazima ishike kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, kiitwacho TrkB. Wakawatengeneza panya ambao seli zao za neva hazina kipokezi hicho. Panya hao hawakujifunza kuanguka, hata walipopitishiwa umeme mara nyingi. Walipoondoa BDNF peke yake na kuacha kipokezi, zoezi lilicheleweshwa kidogo tu. Maana yake kipokezi ndicho lango, na BDNF si mgeni wake pekee.

Ndani ya lango hilo kunatokea nini? Mengi bado yanabishaniwa, lakini moja nimelipenda kwa kuwa linaeleza tabia ya dawa tunazozijua. Ubongo una kemikali ya kutuliza, GABA. Diazepamu na fenobabitoni hufanya kazi kwa kuipa nguvu GABA. Sasa, ili GABA itulize, seli lazima iwe na chumvi ya kloraidi kidogo ndani yake, na kuna pampu, KCC2, inayoitoa nje. Kundi la watafiti wa Helsinki, Finlandi, lilionyesha mwaka 2002 kwamba BDNF ikishika kwenye TrkB, pampu hizo hupungua. Kloraidi hujaa ndani, na utulizaji wa GABA hudhoofika. Kwenye baadhi ya seli hugeuka kabisa, ukawa uchochezi. Pamoja na hayo, nyuzi za neva za hipokampasi huchipua matawi mapya na kurudi kuungana na seli za jirani zisizopaswa kuungana nazo hivyo, ili mmoja akistuka wastuke wote. Wako wataalamu wanaosema matawi hayo ni chanzo cha kifafa na wako wanaosema ni matokeo yake. Mimi sina maabara, siwezi kuwaamulia.

Jaribio linalojibu swali la bibi ni la mwaka 2013, kutoka maabara ileile ya Duke. Panya walisababishiwa degedege refu lisiloachia, kisha wakatulizwa kwa diazepamu, kama sisi tunavyofanya wodini. Kwa kawaida panya wa namna hiyo huonekana wamepona, na baada ya muda huanza kuanguka wenyewe, bila kuchokozwa. Safari hii kundi moja lilizuiwa kipokezi cha TrkB kwa wiki mbili tu baada ya degedege lile, kisha likaachwa. Wiki kadhaa baadaye wenzao walikuwa wanaanguka, na kundi hili likawa limekingwa kwa sehemu kubwa, tena bila ile hali ya woga inayofuatana na kifafa. Kizuizi kilikuwa kimekwisha kuondolewa siku nyingi! Kwa hiyo ugonjwa haukuwa umejificha mahali. Ulikuwa unajengwa, na mjenzi alipozuiwa katika wiki zile za mwanzo, hakukuwa na nyumba ya kuhamia.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponikanya: "Mjomba, usiandike kana kwamba dawa imepatikana." Haijapatikana. Panya wale walikuwa wamebadilishwa jeni ili kipokezi chao kikubali kufungwa na kemikali fulani. Binadamu hajatengenezwa hivyo. Na kufunga TrkB yote kuna hatari yake, kwa sababu kipokezi hichohicho hupeleka pia amri ya kuzihifadhi seli zisife. Ndani ya seli amri hizo hupita njia tofauti. Mwaka 2015 maabara hiyohiyo ilitoa taarifa ya kipande kidogo cha protini kinachokata njia moja tu, ile inayopitia kimeng'enya kiitwacho PLC-gama, na kuiacha ile ya kuhifadhi seli. Kikatolewa kwa siku tatu baada ya degedege, na panya wakakingwa. Hiyo ni hatua nzuri, lakini bado ni ya panya.

Ingekuwa si haki nikawaficha ushahidi wa upande wa pili, maana upo. Mwaka 1995 watafiti wengine waliingiza BDNF moja kwa moja kwenye hipokampasi ya panya kwa siku kadhaa, na badala ya kuharakisha zoezi la Goddard ikalichelewesha. Mwaka 2009 kundi la Michele Simonato wa Ferrara, Italia, lilitumia virusi vilivyotengenezwa maabara kubeba BDNF pamoja na kichochezi kingine, FGF-2, na kuvipeleka kwenye ubongo uliokwisha kuumia. Seli zilizokufa zikapata mbadala na maanguko yakapungua. Kwa hiyo ukiniuliza kama BDNF ni rafiki au adui, nitakuuliza: saa ngapi, sehemu gani ya ubongo, kiasi gani, na kupitia njia ipi ndani ya seli? Kitu chenye maswali manne ya namna hiyo hakiuzwi kwa kijiko. Mwandishi wenu alichukua upande mmoja wa habari na kumpa mwenye duka.

Kuna kosa jingine nililoliona kwenye makala ile, dogo lakini linaumiza watu: kuwaambia wagonjwa kwamba dawa za kifafa "zinazuia tu dalili", kwa sauti ya kudharau. Ni kweli, dawa tulizo nazo hazizuii ujenzi niliousimulia. Seattle, Marekani, mwaka 1990 walichapisha matokeo ya wagonjwa 404 walioumia kichwa vibaya, nusu wakipewa fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, na nusu kidonge kisicho na dawa ndani. Katika wiki ya kwanza fenitoini ilipunguza degedege waziwazi, kutoka asilimia 14.2 hadi 3.6. Baada ya wiki hiyo, mpaka mwisho wa ufuatiliaji, haikuonekana tofauti ya maana. Ndiyo sababu hatumpi kila aliyeanguka na bodaboda dawa za kifafa kwa miaka. Lakini kwa mtu ambaye kifafa kimeshaanza, kuzuia anguko si "tu". Anguko ni mafiga, ni kisima, ni mto Kilombero wenyewe wakati wa kuvua. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi maskini robo tatu hawapati matibabu hayo. Fenobabitoni iligundulika kuwa dawa ya kifafa mwaka 1912, ina kasoro zake, watoto wengine huwa wazito darasani au wakorofi nyumbani, lakini imewarudisha shambani watu ambao kijiji kilikuwa kimeshawaandikia kifo. Akinunua kopo, mzazi maskini hupunguza vidonge. Vidonge vya fenobabitoni vikikatwa ghafla huleta degedege lisiloachia, na mmesoma hapo juu degedege la namna hiyo huanzisha nini.

Nisieleweke vibaya pia kwenye michezo. Ipo hoja, na makala yenu iliitaja, kwamba kukimbia huongeza BDNF. Msomaji wangu mmoja mwepesi anaweza kuhitimisha kwamba basi mtoto mwenye kifafa asikimbie. Hapana. Kwenye maabara za Brazili panya wenye kifafa waliofanyiwa mazoezi walianguka mara chache zaidi, na mtoto anayefungiwa ndani huharibika kwa namna nyingine. Acheze mpira. Asiogelee bila mtu mzima wa kumwangalia, asipande minazi, basi. Akianguka uwanjani mlazeni ubavu, ondoeni mawe na vijiti karibu naye, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalieni saa. Zikipita dakika tano mkimbizeni hospitali. Mate yake hayaambukizi. Nimechoka kulisema hili, lakini mwaka jana tu nilimkuta mtoto ameachwa peke yake mchangani na darasa zima limesimama mbali.

Turudi kwenye kile kipindi cha ukimya, kwa sababu ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kama maabara zinatuambia kwamba wiki na miezi ya baada ya ajali ya ubongo ndiyo muda wa ujenzi, basi hata kabla dawa ya kuzuia haijaja, huo ndio muda wa kumjua mgonjwa yupo wapi. Sisi tunafanya kinyume. Mtoto anatoka wodini na hati isemayo "malaria kali, amepona", hati inapotea, na miaka mitatu baadaye anapotafuna midomo darasani hakuna anayeunganisha. Ndugu zake wanakwenda kwa mganga, mganga anataja jirani, na familia mbili zinaacha kusalimiana. Utafiti wa vituo vitano vya Afrika uliotolewa mwaka 2013, ambamo Ifakara yetu ilikuwamo pamoja na Kilifi ya Kenya na Iganga-Mayuge ya Uganda, ulionyesha kwamba kifafa cha huku kinafungamana na mambo tunayoyafahamu: matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na vimelea, wakiwamo wale wa usubi na tegu wa nguruwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya kifafa chote duniani kingeweza kuzuilika. Mkunga aliye macho wakati mtoto hajalia, helmeti ya abiria wa bodaboda na si ya dereva peke yake, choo, chandarua, dawa za usubi zinazogawiwa vijijini: kila kimoja kati ya hivyo kinaondoa sababu ya ubongo kuanza ujenzi ule. Kopo la unga haliondoi hata moja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule wa afya, si kwenye kona ya barua, kwa kuwa ukurasa ule ndio unaokatwa na kubandikwa. Mwandishi wenu namwalika Ifakara. Nitampeleka kliniki siku ya foleni, aulize mwenyewe ni wangapi wamewahi kuuziwa kitu cha "kuamsha ubongo".

La pili ni kwa waganga wafawidhi wenzangu walio bado kazini. Kituo nilichomalizia utumishi tulifungua daftari la kaunta kwa ajili ya watoto waliowahi kupoteza fahamu, na haligharimu chochote zaidi ya kalamu. Safu zake: jina na kitongoji, tarehe, sababu (malaria kichwani, homa ya uti wa mgongo, kutolia wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa), degedege lilidumu muda gani, alitoka wodini akiwa na hali gani, simu ya mzazi au ya mwenyekiti wa kitongoji. Kisha safu tupu za kila miezi sita, za kuuliza maswali matatu anapoletwa kupimwa uzito au mama yake anapofuata dawa za mdogo wake: je, hukodoa macho asiitike? Je, mkono au mguu hurukaruka wenyewe? Je, ameanguka? Mzazi naye aambiwe siku ya kutoka wodini, kwa lugha ya kawaida, kwamba mtoto amepona malaria lakini akiona mojawapo ya hayo, hata ikiwa ni baada ya miaka, arudi na asipite kwingine. Anayetaka mchoro wa daftari hilo aandike kwenu, Mhariri, nanyi mnayo anwani yangu.

Afisa tabibu mstaafu,
Ifakara, Morogoro